Kurasa 1,540, zilizosomwa 212: kisa cha potifolio ya kidijitali katika chuo cha uuguzi Kisumu

Chuo kilichomo katika kisa hiki ni cha kuundwa. Darasa lake, wodi zake na hesabu zake vimeunganishwa kutokana na hali ambazo mkufunzi yeyote wa kliniki katika ukanda wa Ziwa atazitambua. Yanayohusu dawa, sheria na programu ni halisi.

Hali ilikuwa hii: wanafunzi 64 wa mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi, wakufunzi wanne wa kliniki, wiki 12 za mazoezi. Nusu ya darasa ilibaki katika hospitali kubwa ya rufaa, nusu ikatawanywa katika hospitali za ngazi ya 4 na vituo vya afya upande wa Ahero, Muhoroni na Kombewa. Miaka yote kumbukumbu za mazoezi zilikaa kwenye logibuku ya karatasi: orodha ya taratibu, idadi inayotakiwa, nafasi ya tarehe, nafasi ya sahihi. Kila mkufunzi anajua logibuku hizo hufika zikiwaje mwisho wa muhula. Sahihi kumi na tano za wiki tatu tofauti, kalamu moja, wino mmoja, na mwandiko wa mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Chuo kikaamua kuhamia potifolio ya kidijitali, yaani kurasa za mtandaoni ambamo mwanafunzi hukusanya tafakuri na ushahidi wa mazoezi yake. Kilichagua Mahara, programu huria iliyoanza New Zealand mwaka 2006. Haikuwa na ada ya leseni, huungana na Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni ambao chuo kilikuwa nao tayari, na ukurasa ni wa mwanafunzi mwenyewe: hauonekani na mtu mwingine mpaka aamue kuushiriki. Uchaguzi huo haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye agizo lililoambatana nao. Kila wiki mwanafunzi alitakiwa kuandika tafakuri tatu chini ya vichwa sita vya duara la Gibbs, mwongozo wa kutafakari wa mwaka 1988 (maelezo, hisia, tathmini, uchanganuzi, hitimisho, mpango), kuambatisha angalau picha mbili za ushahidi, na kuingiza kila utaratibu alioufanya ili muuguzi wa wodi auidhinishe kupitia akaunti yake.

Ilipofika wiki ya tisa mfumo ulikuwa na kurasa 1,540. Zilizokuwa na neno lolote la mkufunzi zilikuwa 212, na sehemu kubwa ya maneno hayo yalikuwa "Vizuri", "Endelea hivyo", na "Ongeza uchanganuzi".

Intaneti ndiyo iliyolaumiwa kwanza

Kamati ya mitaala ilipoketi, lawama ya kwanza ilienda kwa mtandao. Kulikuwa na ukweli ndani yake, lakini mdogo kuliko ulivyopigiwa kelele. Picha moja ya simu ya siku hizi ina megabaiti tatu hadi tano. PHP, lugha ya programu ambayo Mahara huendeshwa nayo, isipoguswa hukubali faili isiyozidi megabaiti 2, na fomu nzima isiyozidi 8. Mwanafunzi wa Kombewa alikuwa akipakia picha ya megabaiti 4, bando linaisha, ukurasa unarudi kama ulivyokuwa, naye anaamini kwamba mtandao wa huko ni mbovu. Ilhali hata angekuwa kando ya seva yenyewe, ile picha isingeingia.

Msimamizi wa mfumo alipandisha kikomo hadi megabaiti 20. Hilo lilitibu dalili na kuongeza gharama, kwa kuwa sasa picha ziliingia nzima na bando liliendelea kutafunwa. Dawa ilikuwa kupunguza picha kabla ya kupakia: upana wa pikseli 1,200 unatosha kabisa kusoma hesabu iliyoandikwa kwa mkono, na faili hushuka hadi kilobaiti mia mbili au tatu. Wanafunzi wengi walikuwa na njia rahisi zaidi mfukoni, ya kujitumia picha kwa WhatsApp kisha kuihifadhi ile iliyobanwa. Na maandishi? Aya tatu hazizidi kilobaiti chache. Yanaandikwa kwenye simu bila mtandao, katika programu yoyote ya madokezo, kisha yananakiliwa siku mwanafunzi akifika penye mawimbi. Mtu anayesema tafakuri ya maneno 300 imeshindikana kwa sababu ya intaneti anaficha jambo jingine.

Sahihi

Hapa palikuwa na tatizo zito zaidi. Wauguzi wa wodi wanaowalea wanafunzi hawaajiriwi na chuo. Wana zamu zao, wagonjwa wao, na mara nyingi muuguzi mmoja usiku anasimamia wodi nzima akiwa na wanafunzi wanne nyuma yake. Kuwapa akaunti ni rahisi. Kuwafanya waingie humo kila siku ni jambo jingine. Kufikia wiki ya tatu nywila za wauguzi kadhaa zilikuwa mikononi mwa wanafunzi, kwa nia njema kabisa: "Ingia tu ujiidhinishie, mimi nimeona ulivyofanya." Kilichokuwa sahihi ya kalamu moja sasa kikawa idhini 22 zilizoingia kati ya saa nne na saa tano usiku wa Jumapili. Afadhali ya kidijitali ni kwamba saa inaonekana. Lakini kuonekana hakukumsaidia yeyote, maana hakuna aliyekuwa akitazama.

Uamuzi uliofikiwa baadaye uliwaudhi waliotaka kila kitu kiwe kwenye skrini: idadi ya taratibu ikarudi kwenye karatasi. Karatasi moja kwa kila wiki, si kitabu kizima, yenye mistari 12, inayosainiwa zamu ikiisha na kupigwa picha siku hiyohiyo. Karatasi ya wiki moja haiwezi kusainiwa wiki tano baadaye bila picha yake kuonyesha tarehe ya kuchelewa. Nadhani huo ndio mpaka unaofaa. Kuhesabu mara ngapi mtu ameweka katheta ni kazi ya orodha, na karatasi huifanya vyema. Potifolio inafaa kwa kile ambacho orodha haiwezi kukibeba: mwanafunzi alifikiri nini alipokuwa akiiweka, alisita wapi, nani alimrekebisha, na mara iliyofuata alifanya nini tofauti.

Hesabu ambayo haikufanywa mwanzoni

Agizo la tafakuri tatu kwa wiki lilitoka kwa watu waliotaka wanafunzi wajifunze sana. Hakuna aliyechukua kikokotoo. Mkufunzi mwenye wanafunzi 16 anapokea tafakuri 48 kwa wiki. Kusoma moja kwa makini, kufungua picha yake na kuandika mrejesho wenye maana huchukua dakika 12 hivi. Hizo ni dakika 576, yaani saa 9 na dakika 36 kila wiki, juu ya vipindi vya darasani, safari za kuwatembelea wanafunzi Muhoroni na Ahero, na mitihani. Kwa darasa zima na wiki zote 12, ni tafakuri 2,304 na takriban saa 461 za kusoma. Hakuna mstari wa ratiba uliotenga hata saa moja kati ya hizo.

Mkufunzi aliyebanwa hivyo hufanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya. Anapitisha macho, anaweka alama ya vema, anaandika neno moja. Mwanafunzi naye si mjinga. Wiki ya pili anaandika ukurasa mzima kuhusu mama aliyejifungua mtoto njiti, anapata "Vizuri". Wiki ya nne anaandika mistari mitano, anapata "Vizuri". Wiki ya sita anabadilisha jina la ugonjwa katika maandishi ya wiki ya nne, na anapata "Vizuri". Vile vichwa sita vya Gibbs vinasaidia udanganyifu huu bila kukusudia, kwa kuwa vinajazwa kama fomu. Chini ya "hisia" kila mtu aliandika kwamba alihisi wasiwasi mwanzoni kisha akajiamini.

Waliotazama idadi ya kurasa waliona mradi unasonga. Ripoti ya nusu muhula ilisema wanafunzi wameupokea mfumo vizuri. Kwa kipimo cha kurasa, ni kweli.

Mililita 1.8

Kilichobadilisha mjadala ni tafakuri moja, ya mwanafunzi aliyekuwa wodi ya watoto katika hospitali ya ngazi ya 4. Iliwasilishwa wiki ya nne, ikafunguliwa wiki ya tisa. Maandishi yake yalikuwa haya, kwa muhtasari: alishiriki kumhudumia mtoto wa kilo 12 mwenye malaria kali, alimpa atesuneti, dawa ya malaria kali, kwa mshipa akisaidiwa na muuguzi, alijifunza umuhimu wa ushirikiano, atajitahidi zaidi. Kama ungesoma maandishi peke yake, ungeweka "Vizuri" na kusonga mbele.

Lakini aliambatisha picha ya ukurasa wa daftari lake wenye hesabu. Dozi aliipata sawasawa: mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo miligramu 36. Chini yake akaandika 36 ÷ 20 = 1.8. Kisha: "Nilivuta ml 1.8, nikazuiwa, nikaongeza."

Mwenye kuijua kazi anaiona hatari papo hapo. Kichupa cha atesuneti cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikabonati inayokuja nacho. Baada ya hapo njia hugawanyika. Kwa sindano ya mshipa unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi, unapata mililita 6, kila moja ikiwa na miligramu 10. Kwa sindano ya msuli unaongeza mililita 2 tu, unapata mililita 3, kila moja ikiwa na miligramu 20. Mwanafunzi alichanganya dawa kwa njia ya mshipa, akapiga hesabu kwa njia ya msuli. Mililita 1.8 za mchanganyiko ule zilikuwa na miligramu 18, nusu ya dozi, kwa mtoto mwenye malaria kali. Muuguzi aliyesimama kando aliona ujazo mdogo kwenye sindano akamzuia. Mtoto alipata mililita zilizostahili.

Sasa, mkufunzi aliyeifungua tafakuri hiyo alifanya jambo la busara. Hakuandika mrejesho na kufunga. Alitafuta tafakuri zote zilizotaja atesuneti katika darasa zima, zikawa 19. Tatu nyingine zilikuwa na mgawanyo uleule kwa 20, mmoja akiwa Ahero, wawili katika hospitali ya rufaa. Wanafunzi wanne, vituo vitatu, kosa moja. Jambo likijirudia hivyo, uzembe wa mtu mmoja si maelezo ya kutosha; chanzo kinakuwa mahali walipokuwa pamoja. Walikuwa pamoja katika maabara ya ustadi, ambako onyesho la atesuneti lilifanywa kwa njia ya msuli peke yake, kwa sababu siku hiyo maji ya chumvi yaliyokuwapo hayakutosha kwa makundi yote. Ishirini ndiyo namba iliyokaa kichwani.

Somo la kurekebisha lilichukua dakika 40: vichupa viwili vitupu, maji yenye rangi, sindano za mililita 5, na kila mwanafunzi kuchanganya njia zote mbili na kuandika kwa mkono wake "10" au "20" kwenye kichupa kabla ya kugawanya chochote. Pia ikaongezwa tabia ambayo wodi nyingi nzuri wanayo: ujazo unatajwa kwa sauti pamoja na njia, "mililita tatu nukta sita, mshipa," kabla sindano haijamgusa mtoto. Mahali ambapo jedwali la ukutani linakadiria ujazo kwenda juu, inafuatwa namba ya jedwali.

Potifolio ilikuwa imefanya kazi yake kikamilifu. Ililinasa kosa wiki ya nne, likiwa na ushahidi, kwa mwandiko wa mwenyewe. Kwa wiki tano lilikaa humo likiwa salama salimini, na katika wiki hizo wanafunzi wengine waliendelea kupangiwa wodi ya watoto katika eneo ambalo malaria kali haina msimu wa kupumzika.

Mwanafunzi mwenyewe alipoulizwa kwa nini hakuandika waziwazi kwamba alizuiwa, alisema alama zinatolewa kwa tafakuri, na hakuona faida ya kujiandikia kosa mahali linapopewa alama. Jibu hilo lina uzito, na si Kisumu tu. Mwaka 2018 madaktari wengi wa Uingereza waliingiwa na hofu ya kuandika kwa ukweli katika potifolio zao kutokana na kesi ya daktari aliyekuwa mafunzoni, ingawa ilielezwa kwamba potifolio yake haikuwa sehemu ya ushahidi uliopelekwa mbele ya mahakama. Mtu akidhani maandishi yake yatamgeuka, ataandika kuhusu ushirikiano na kujitahidi.

Patografu ya Jumanne

Jumanne ya wiki ya saba kulitokea jambo jingine, na hili lingeweza kukifikisha chuo pabaya. Mwanafunzi aliyekuwa chumba cha kujifungulia cha kituo cha afya alipiga picha patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua) aliyoijaza mwenyewe, akakata sehemu ya juu yenye jina, akaipakia. Kisha akatengeneza kiungo cha siri cha ukurasa wake, kinachofunguka bila akaunti, akakiweka kwenye kundi la WhatsApp la darasa ili wenzake waone mfano. Patografu ilikuwa nzuri kweli: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, uchungu kila nusu saa, kipimo cha njia kila saa nne. Lakini namba ya mgonjwa ilibaki pembeni, pamoja na umri wa miaka 43, ujauzito wa tisa, tarehe na saa. Kituo hicho huzalisha wanawake wachache kwa siku. Mwanafunzi mwenzake anayetoka kata hiyo alimtambua mama huyo bila kuhitaji jina.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaweka taarifa za afya ya mtu katika kundi la data nyeti. Data ikifichuka kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, anayeidhibiti kisheria anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu. Saa hizo hazisubiri kikao cha kamati. Mpangilio ufaao, na ndio uliofuatwa: kiungo kinafutwa kwanza, ukurasa unarudishwa kuwa wa faragha, ujumbe unaondolewa kundini, msimamizi wa kituo cha afya anaambiwa siku hiyohiyo kwa kuwa rekodi ni ya kituo wala si ya chuo, na afisa wa chuo anayeshughulikia data anaandika nini kilionekana, na nani, kwa muda gani. Kumkaripia mwanafunzi kunaweza kusubiri. Kwa kweli hakukuwa na cha kumkaripia sana. Hakuna aliyemwambia kwamba kukata jina hakutoshi.

Kanuni iliyotungwa baadaye ni fupi: rekodi ya mgonjwa haipigwi picha kabisa. Chuo kinachapisha patografu tupu, na mwanafunzi ananakili namba kwa mkono baada ya kuruhusiwa na muuguzi wa zamu. Umri unakuwa kundi la miaka ("zaidi ya 40"), saa inakuwa saa tangu kupokelewa ("saa ya 0, saa ya 4"), tarehe inakuwa wiki ya mazoezi, kijiji na kituo havitajwi, na jambo adimu linalomtambulisha mtu, kama vile mapacha watatu, linaachwa nje isipokuwa ndilo kiini cha somo na mkufunzi amekubali. Kurasa za hadharani zikazimwa kwa chuo kizima katika mipangilio ya Mahara. Kuna faida ambayo haikutarajiwa: kunakili upya patografu kwa mkono kulimlazimisha mwanafunzi kuifuata leba hatua kwa hatua, jambo ambalo picha haimlazimishi.

Suala la seva nalo liliibuka hapo. Sheria hiyo inataka ridhaa na ulinzi wa kutosha kabla data nyeti haijatolewa nje ya nchi. Kama ukurasa hauna chochote kinachomtambulisha mgonjwa, mzigo huo unapungua sana. Ndiyo maana kufuta utambulisho kwenye chanzo kuna maana kuliko mjadala mrefu kuhusu seva iko wapi.

Mpango wa pili

Kundi lililofuata lilianza na mpango tofauti. Tafakuri 36 kwa kila mwanafunzi zikapunguzwa hadi sita, moja kila wiki mbili. Wanafunzi 16 wa kila mkufunzi wakagawanywa: wanane wiki za witiri, wanane wiki za shufwa. Tafakuri nane mara dakika 12 ni dakika 96, zikapewa nafasi yao kwenye ratiba rasmi, Alhamisi saa nane hadi saa kumi alasiri, kama kipindi kingine chochote. Anayemtafuta mkufunzi saa hiyo anaambiwa yuko darasani. Bila mstari huo kwenye ratiba mpango mzima ungerudi ulikotoka, na ndicho kipengele kilichopingwa zaidi, kwa kuwa mkuu wa idara aliona ni saa za bure.

Vichwa sita vikaondolewa, yakabaki maswali matatu: Nini kilitokea? Kina maana gani? Sasa utafanya nini? Kila swali likapewa sharti lisilokwepeka. La kwanza lazima liwe na namba angalau moja iliyopimwa au kukokotolewa na mwanafunzi. La pili lazima litaje kitu kimoja ambacho hakukijua au alikosea. La tatu lazima liseme tarehe na mahali atakapojaribu tena, na tafakuri inayofuata ianzie hapo. Sharti la tatu ndilo lenye nguvu, kwa sababu linaziunganisha tafakuri sita kuwa mlolongo mmoja. "Nitajitahidi zaidi" hairuhusiwi. "Jumatatu zamu ya asubuhi nitachanganya atesuneti mbele ya muuguzi nikitaja ujazo na njia" inaruhusiwa.

Alama nazo zikahamishwa. Tafakuri moja moja haipewi alama. Mwanafunzi hupata alama kwa mambo mawili: kama kila mpango alioahidi ulifuatiliwa, na mazungumzo ya dakika 15 mwishoni ambapo anachagua tafakuri mbili na kuzitetea. Kosa lililoandikwa waziwazi na kufuatiliwa humpandisha. Yaliyohusu madhara kwa mgonjwa hayashughulikiwi ndani ya potifolio. Yanakwenda kwenye fomu ya matukio ya hospitali, na hilo mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza, ili asije akadhani tafakuri ni mahali pa kuungama.

Mrejesho ukapewa umbo. Sentensi mbili na swali moja, ndani ya siku saba: kilichoonekana kwenye ushahidi, kinachokosekana, na swali ambalo jibu lake litaonekana wodini. Neno "Vizuri" likikaa peke yake halihesabiwi kuwa mrejesho. Mahara husaidia hapa: ukurasa ukiwasilishwa kwa kikundi hufungwa, mwanafunzi hawezi kuubadilisha mpaka mkufunzi auachie. Kwanza wanafunzi walilalamika. Kisha wakagundua kwamba kufungwa kunawalinda pia, maana mkufunzi aliyechelewa hana pa kujificha: ukurasa uliofungwa siku kumi unaonekana kwa wote wawili.

Kuhusu maandishi ya kunakili na yale yanayotungwa na programu za akili unde, chuo kilikataa kununua programu ya kuwanasa. Zinakosea, na humtuhumu asiye na hatia. Tafakuri ya mashine hujulikana kwa kukosa ile namba, au kwa kuwa na namba isiyolingana na mtoto yeyote wa kweli. Mkufunzi akienda kutembelea kituo huchagua tafakuri moja, anauliza maswali matatu kando ya kitanda: ulisimama wapi, ulivuta ngapi, nani alikuzuia. Aliyekuwapo hujibu kabla swali halijaisha. Iliruhusiwa pia kurekodi sauti ya dakika mbili kwa Kiswahili badala ya aya ya kwanza. Wengi waliokuwa wakiandika Kiingereza cha kukariri walieleza kwa kinywa mambo ambayo hayakuwahi kuonekana kwenye maandishi yao.

Yaliyobaki

Matatizo hayakuisha. Wauguzi walezi huhamishwa katikati ya mazoezi, na anayekuja hana habari ya mpango ulioahidiwa na mwenzake. Chuo sasa hubandika karatasi moja kwenye chumba cha wauguzi yenye mipango ya wiki ya wanafunzi waliopo, bila majina ya wagonjwa, na katika baadhi ya wodi husomwa wakati wa kupokezana zamu, katika nyingine hufunikwa na ratiba ya chanjo. Wanafunzi wanaotumia simu moja wawili wawili bado wanachelewa, na kwao siku ya mwisho imesogezwa hadi Jumatatu, wanapofika kwenye kompyuta za chuo. Ikiwa wakufunzi wanne watakuwa watatu, dakika 96 zitakuwa 128, na hesabu itabidi ipigwe tena kabla ya muhula wala si katikati yake.

Na kuna siku ya kuondoka. Akaunti za Mahara hufungwa miezi mitatu baada ya mahafali, na wahitimu wa mwaka wa kwanza wa mradi nusura wapoteze kila kitu. Siku hizi wiki ya mwisho ina saa moja ya kusafirisha potifolio: kila mmoja huitoa kama kurasa za HTML zinazofunguka bila mtandao, na nakala ya pili kwa mfumo wa Leap2A endapo mwajiri au chuo kingine kinatumia Mahara. Inawekwa kwenye flashi na kwenye hifadhi ya barua pepe yake. Kabla ya kuipakua, mkufunzi na mwanafunzi huketi pamoja na kupitia picha zote mara ya mwisho wakitafuta namba ya mgonjwa iliyosahaulika kwenye pembe ya karatasi.